Linda Udongo, Mji Upate Maji



Mvua ikiteremsha udongo wa shamba lako, huupeleka mtoni, na maji yaendayo Nairobi huchafuka. Bwawa la Ndakaini katika mto Thika na bwawa la Ruiru hutegemea mashamba ya juu.

Kwa hiyo mwaka 2015 ulianzishwa Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi. Watumiao maji huchangia. Mkulima wa Thika na Chania husaidiwa. Usitazamie noti mkononi: msaada ni mafunzo ya matuta, miche na majani ya Napier.

Huenda ukasema, “Matuta yatapunguza shamba langu.” Kweli, huchukua nafasi. Lakini panda Napier ukingoni: ng’ombe atakula, na mbolea yako haitakwenda na maji.

Mkulima wa Ruiru, usingoje mfuko. Udongo ukiondoka haurudi.