Leseni Moja, Simu, Kompyuta na Seva

Wadogo zangu, barua ya leo imetoka kwa kijana anayeandika programu ya mauzo ya maduka. Ndani yake ametumia maktaba ya msimbo ya mtu mwingine, yenye leseni ya GPL. Kwenye Windows inafanya kazi, sasa anataka kuipeleka kwenye Android, iPhone na seva. "Dada, leseni inaniruhusu?"

Inakuruhusu, mdogo wangu, lakini swali umelianzia pembeni. GPL haijali kifaa. Inachouliza ni hiki: nakala umempa nani? Ukiiendesha mwenyewe kwenye kompyuta zako, hata ukiibadilisha mstari kwa mstari, hudaiwi kitu. Siku mteja wa kwanza anapopokea faili la kusakinisha ndipo deni linapoanza. Lazima awe na njia ya kupata msimbo chanzo wa programu nzima, ule ulioandika wewe ukiwemo, kwa leseni ileile. Kumtoza pesa ruksa. Kumkataza asimgawie mwenzake, hapana. Na kwenye Android ni hivyohivyo, hata kama faili umelituma kwa WhatsApp.

Kwenye iPhone, hapo tuliza kichwa. Si kwamba leseni imebadilika. Ni kwamba duka la Apple lina masharti yake juu ya anayepakua, wakati GPL inakukataza kumwongezea mpokeaji vikwazo vipya. VLC, ile programu ya kuchezea video, yalishaikuta. Iliingia kwenye duka hilo mwaka 2010, mmoja wa waandishi wake, Rémi Denis-Courmont, akalalamika kwamba masharti hayo yanagongana na GPL, na Januari 2011 ikaondolewa. Ilirudi 2013. Katikati hapo waandishi wa VLC walifanya kazi ya kuchosha: kuwatafuta waliochangia msimbo, mmoja mmoja, waombwe idhini ya kubadilisha leseni. Wao walikuwa wenye mali. Wewe maktaba si yako, kwa hiyo mwandikie mwenye nayo umwombe ruhusa, au tafuta nyingine. Usijipe moyo kwamba mbona fulani kaweka na hajaguswa.

Seva je? Hapa wengi hushangaa. Programu ikikaa kwenye seva yako na wateja wakaitumia kwa intaneti tu, GPL ya kawaida haihesabu kwamba umewapa nakala. Ila JavaScript inayoshuka hadi kwenye kivinjari cha mteja, hiyo umempa. Na kama leseni ni AGPL, ndugu yake GPL, hesabu inageuka: ukishaibadilisha programu, wanaoitumia kupitia mtandao nao wana haki ya kupata msimbo wake.

Mwingine ataniambia, "Dada, mimi natumia maktaba ya LGPL, ile leseni nyepesi kuliko GPL, nimepona." Umepona nusu. Msimbo wako unaweza kuuficha, lakini mtumiaji aweze kuitoa maktaba ile na kuweka toleo alilolirekebisha mwenyewe. Kwenye Windows, maktaba ikikaa kama faili la DLL pembeni, ni jambo jepesi. Ukiichanganya ndani ya programu ikawa kitu kimoja, andaa vipande vya kumwezesha kuiunganisha upya.

Leseni za MIT na BSD ni za wapole, na ndiyo maana watu huzidharau. Zinataka tangazo la hakimiliki lisafiri na nakala. Kwenye simu mteja haoni folda, basi weka ukurasa wa "Kuhusu" wenye maandishi hayo. Kazi ya nusu saa.

Sasa, mdogo wangu, fungua faili la leseni pamoja na maelezo yaliyo juu ya mafaili ya msimbo. Angalia kama wamesema toleo la 2 peke yake, au la 2 na lolote litakalofuata. Ukiwa na kitu chenye leseni ya Apache 2.0 humohumo, toleo hilo la GPL ndilo litakaloamua: hakichanganyiki na GPL 2, lakini na GPL 3 kinakubali. Ukishajua, niandikie tena, na namba ya toleo uiweke. "GPL" tupu hainitoshi.