Klachi ya Motokaa Ndogo ya Mashindano

Mwenye motokaa ndogo iongozwayo kwa redio, yenye injini ya nitro, anunue klachi gani? Mimi husema ile iwezayo kurekebishwa, ingawa bei yake ni kubwa zaidi.

Injini ya motokaa iliyo sehemu moja kwa nane ya gari halisi ina sentimita 3.5 za ujazo tu, nayo haina nguvu mpaka izunguke mbio sana. Kwenye gurudumu lake zito hufungwa viatu vitatu au vinne, vilivyozuiwa kwa springi. Injini ikienda mbio, viatu hutupwa nje, vikashika kikombe kilichovizunguka, na motokaa ikaondoka.

Basi mambo yote yamo katika springi. Ikiwa laini, viatu hushika mapema na motokaa huondoka kwa upole. Yafaa kiwanja cha vumbi kitelezacho. Ikiwa ngumu, viatu hungoja injini ichangamke, ndipo motokaa huruka. Lakini penye vumbi magurudumu huzunguka bure. Ulaini ukizidi, injini hulemewa. Ugumu ukizidi, viatu husuguana na kikombe hata kikageuka buluu kwa joto, na bearingi zikafa.

Klachi ya kawaida sharti ifunguliwe, springi ya milimita 1.0 itolewe, itiwe ya 0.9 au 1.1. Hii nyingine huongezwa au kupunguzwa kwa skrubu au nati. Lakini, ndugu, kabla ya kulipa, uliza kama skrubu hufikiwa bila kuvua kikombe. Kama haifikiwi, mimi nisingetoa fedha ya ziada.