SOMO LA UTUNZAJI WA MAJENGO: SAKAFU SAFI NA HEWA YA NDANI, MATEMWE

Somo hili linawahusu watumishi wanaosimamia ofisi, skuli na vituo vya afya, pamoja na wananchi wenye maduka, nyumba za wageni na hoteli katika ukanda wa Matemwe. Inapasa ieleweke tangu mwanzo kwamba usafi wa sakafu haupimwi kwa harufu ya dawa. Sakafu yaweza kung'ara machoni ilhali hewa ya chumba imeharibika, na wa kwanza kudhurika ni yule aliyeinama kuipiga deki.

Mwenye kutaka kujua kinachoiharibu sakafu yake hana budi kutazama kinachoingia mlangoni. Matemwe kinachoingia ni mchanga na unyevu wa chumvi. Mchanga wetu mweupe umetokana na matumbawe na makome yaliyosagika, nayo ni madini yale yale yanayochomwa tanuuni ili kupata chokaa. Ni laini kuliko mchanga wa mito ya bara. Kwa hiyo hauvikwaruzi sana vigae vigumu, lakini huitafuna nta, huifubaza sakafu ya terazo, na kila unapokanyagwa husagika zaidi hata ukawa unga mwembamba. Unga huo ndio unaorushwa hewani na ufagio wa chelewa kila asubuhi, ukaendelea kuelea baada ya mfagiaji kwisha kazi yake, kisha ukatua juu ya meza na vitanda au ukavutwa puani. Ufagio mkavu, basi, mahali pake ni uani. Ndani ya chumba cha biashara litumike tambara lililoloweshwa na kukamuliwa barabara, na maji ya ndoo yabadilishwe mara yanapogeuka meupe.

Lililo bora zaidi ni kuuzuia mchanga usiingie. Desturi ya kuvua viatu barazani, na kuweka mtungi na kata ya kuoshea miguu, wazee hawakuianzisha kwa adabu peke yake. Penye wageni wengi liwekwe jamvi la usumba, refu kiasi cha mtu kupiga hatua kadhaa juu yake kabla ya kufika ndani, nalo likung'utwe nje kila siku. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kupaka nta upya.

Na hiyo nta ina mambo yake. Wengi bado huyeyusha mishumaa, wakachanganya na mafuta ya taa, wakapaka sakafu ya saruji. Sakafu hupendeza, hakuna ubishi. Lakini mchanganyiko huo unaopashwa moto jikoni ni hatari ya kuunguza nyumba, na baada ya kupakwa mvuke wa mafuta hubaki chumbani, ukaleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Haufai kabisa katika darasa au wodi. Ikilazimu kutumia nta ya dukani, itafutwe ile inayochanganywa na maji.

Sakafu za kale za chokaa na kokoto, kama zile za Mji Mkongwe, zisipakwe nta nzito. Chokaa hupitisha unyevu. Ukizibwa juu hutafuta njia ya ukutani, na ukungu ukaota. Wala zisiguswe na asidi inayotumiwa na mafundi kuondolea saruji juu ya vigae, maana asidi huila chokaa mbele ya macho, ikitoa mapovu.

Asidi hiyo hiyo, ambayo pia huuzwa kwa kusafishia vyoo, isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Hutoa gesi ya klorini, ile iliyotumiwa kuua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili 1915. Klorini ikikutana na amonia nayo hutoa gesi yenye kuchoma mapafu. Na dawa nyingine za kung'arisha vioo zina amonia. Klorini ina kazi yake: kituo cha afya hakiwezi kuiacha palipomwagika damu au matapishi. Ikiwa dawa ya chupani ni ya asilimia 5, kipimo kimoja kwa vipimo tisa vya maji baridi hupata asilimia 0.5 inayotakiwa. Kwa sakafu ya duka iliyochafuka kwa vumbi tu, sabuni na maji vinatosha.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walitangaza mwaka 2018 matokeo ya kuwafuatilia watu 6,235 kwa muda wa miaka 20 hivi. Wanawake waliofanya usafi, iwe nyumbani kwao au kwa kuajiriwa, walipungukiwa na nguvu za mapafu haraka kuliko wasioufanya. Yaweza kusemwa kwamba hao ni watu wa nchi za baridi, wenye kufunga madirisha. Ni kweli, lakini ndoo zetu nazo huchanganywa kwa kukisia, na chumba chenye kiyoyozi hapa Matemwe hufungwa vile vile. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huzungusha hewa ile ile ya ndani, hakileti mpya.

Kwa hiyo kizimwe wakati wa kazi, na madirisha ya upande wa bahari na wa bara yafunguliwe pamoja. Ufukwe wetu hupata upepo wakati wa kaskazi na wakati wa kusi. Mfanyakazi aanzie upande upepo unakotokea nje, arudi nyuma kuelekea unakoingia, ili mvuke wa sehemu iliyokwisha kupakwa usimpitie usoni. Mgeni asipewe chumba hicho hadi sakafu ikauke na harufu iishe.

Waajiri wanakumbushwa kwamba usalama wa mtumishi kazini ni wajibu wao chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8 ya mwaka 2005 ya Zanzibar. Glavu na kipimo cha kuchanganyia vinunuliwe na mwenye jengo, si na mfanyakazi. Dawa zibaki katika vyombo vyake vya asili vyenye maandishi. Kuzimimina katika chupa za soda au za maji ya kunywa kukomeshwe, hasa katika nyumba zenye watoto.