Ng'ombe wa Nyasi: Mfugaji Ajue Uzito Kabla ya Kuuza

Ng'ombe wa Boran wa Laikipia hunenepa kwa nyasi pekee, na nyama yake hutafutwa na hoteli na bucha za Nanyuki na Nairobi. Hata hivyo, wafugaji wengi huuza kwa kukadiria kwa macho, na faida kubwa hubaki njiani. Hasara hiyo inaweza kupunguzwa kuanzia bomani.

Pima kwanza

Pasipo na mizani, utepe wa kupimia unatosha. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha jibu kwa urefu, kisha gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzunguko wa 170 na urefu wa 140 atakuwa na takriban kilo 373. Akichinjwa, nyama pamoja na mifupa hukaribia nusu ya uzito huo.

Tuseme bei ni shilingi 200 kwa kilo ya ng'ombe aliye hai. Broka akimkadiria kuwa na kilo 320, mfugaji hupoteza shilingi 10,600 kwa mnyama mmoja. Hiyo ni karo ya mtoto.

Weka rekodi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mnunuzi wa nyama ya daraja la juu huuliza umri wa ng'ombe, malisho, chanjo na dawa alizopewa. Ng'ombe aliyetibiwa asiuzwe kabla ya kwisha kwa siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa. Hereni ya sikio yenye nambari humsaidia mnunuzi kujua mnyama ametoka boma gani.

Safirisha kwa utulivu

Kabla ya safari, mfugaji achukue kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa afisa wa mifugo. Mnyama asipigwe fimbo wala kukimbizwa. Kipigo huacha damu iliyovilia, na sehemu hiyo hukatwa na kutupwa. Ng'ombe aliyechoka au kuogopa huishiwa na nguvu zilizohifadhiwa kwenye misuli. Nyama yake huwa nyeusi na huharibika upesi, hivyo mnunuzi huikataa. Akifika kichinjioni, apewe maji na apumzike.

Uzeni pamoja, tena mapema

Lori lililojaa hupunguza gharama ya kila mnyama, na kikundi chenye ng'ombe wengi wa uzito unaofanana kina sauti mbele ya mnunuzi. Wakati mzuri wa kuuza ni baada ya mvua, ng'ombe wakiwa na mwili. Ukame wa 2020 hadi 2023 ulifunza kwa uchungu: waliongoja waliuza mifupa na ngozi, na wengine hawakupata hata cha kuuza.

Wafugaji wanaotaka kufundishwa kupima au kuanzisha kikundi wanahimizwa kufika katika ofisi ya mifugo ya wadi yao.