Fundo Likiteleza, Samaki Hufa: Namna ya Kufunga Ndoana ya Kuvulia Kapi

Wiki hii tunaacha mahindi na nyanya kidogo, tushuke bwawani. Wengi mnaofuga samaki aina ya kapi mnaniuliza swali moja: mteja akitaka samaki wawili au watatu, nitawatoaje bila kukausha bwawa zima? Jibu ni ndoana. Lakini ndoana bila fundo zuri ni hasara, na mimi nililijua hilo kwa aibu.

Naanza na hiyo aibu, maana ndiyo sababu ya somo lenyewe.

Mama mmoja wa kikundi chetu ana bwawa la mita za mraba 300. Alikuwa na wageni wa Jumamosi, akahitaji kapi watano. Nikamwambia, "Mama, usihangaike na wavu, nitakuja na uzi wangu." Wanakikundi wakakusanyika ukingoni kutazama afisa akifanya kazi. Samaki wa tatu alikuwa mkubwa kweli. Alivuta mara moja, akageuka, uzi ukalegea. Nilipouvuta nje, ndoana haikuwepo. Mwisho wa uzi ulikuwa umejisokota kama mkia wa nguruwe.

Siku kumi hivi baadaye mama akanipigia simu. Samaki amekutwa amekufa kwenye matete, uzi umejifunga kwenye mashina, na nati niliyotumia kama chubwi bado inaning'inia. Tumbo lilikuwa limejaa mayai. Akaniambia kwa upole tu, "Mwalimu, huyo ndiye aliyekuwa mama wa bwawa." Nilimlipa samaki, lakini vifaranga ambao angewapata msimu ule sikuweza kuvilipa.

Makosa yangu yalikuwa mawili. Nilifunga fundo haraka na nikalikaza likiwa kavu. Tena nilifunga nati moja kwa moja kwenye uzi, kwa hiyo samaki alipokatika na mzigo ulimfuata. Leo tunasahihisha yote mawili.

Kwa nini kapi anahitaji mtego wake

Kapi si kama sato. Ukivuta wavu, anajichimbia kwenye tope la chini wavu upite juu yake, na wengine wanaruka juu ya wavu kabisa. Ndiyo maana unaweza kuvuta mara tatu ukapata sato watupu.

Na chakula chake hakimezi hovyo. Mdomo wake hauna meno. Ananyonya kitu kutoka chini, anakipima, na kama hakimpendezi anakitema. Meno yake yako kooni, huko ndiko anakosagia. Ukiichoma ndoana ndani ya donge la ugali, mara nyingi anainyonya na kuitema wewe ukiwa unaangalia tu. Au ugali unayeyuka, unabaki unavua kwa chuma kitupu.

Miaka ya 1970 ikielekea 1980, wavuvi wawili wa Uingereza, Len Middleton na Kevin Maddocks, walitafuta dawa ya tatizo hili. Badala ya kuchoma chambo kwenye ndoana, walikining'iniza pembeni yake kwa unywele, na mwanzoni ulikuwa unywele wa mtu kweli. Kapi ananyonya chambo, ndoana tupu inaingia pamoja nacho, na anapotema, ncha inashika mdomo wa chini. Siku hizi tunatumia uzi badala ya nywele, lakini jina limebaki: mtego wa unywele.

Vifaa

- Uzi wa nailoni wenye nguvu ya kilo 6 au 7. Nguvu huandikwa kwenye kibandiko cha kibiringo.
- Ndoana namba 6 au 8. Kumbuka hapa namba ikipanda, ndoana inakuwa ndogo.
- Suiveli mbili. Suiveli ni kile kichuma kidogo chenye matundu mawili kinachozunguka ili uzi usijisokote.
- Nati moja ya bolti kuwa chubwi, au plagi ya zamani ya pikipiki.
- Ushanga mmoja wa plastiki.
- Uzi wa pamba wa kushonea na sindano.
- Koleo dogo.
- Mahindi makavu.

Kabla ya kufunga chochote, bana kwa koleo kile kijino kilichoinuka karibu na ncha ya ndoana mpaka kilale. Samaki atatoka kwa urahisi bila kuchanika mdomo, na siku ndoana ikikuingia wewe kidoleni utanishukuru.

Mahindi yaloweke siku nzima na usiku wake, kisha yachemshe mpaka yalainike kama ya githeri. Usitumie makavu, maana yanavimba tumboni mwa samaki na yanaweza kumdhuru.

Fundo la kwanza: kitanzi cha unywele

Kata uzi wa sentimita 35. Ukunje mwisho mmoja uwe mara mbili, kama sentimita 4. Upitishe mkunjo huo ujizungushe wenyewe mara moja na nusu, ukiuchora kama tarakimu 8, kisha uchomeke kwenye tundu la kwanza. Lowesha kwa mate, vuta. Umepata kitanzi kidogo kisichofunguka. Kiwe kidogo, cha upana wa punje ya mchele. Kikubwa kinanasa takataka.

Fundo la pili: kufunga ndoana

Hili ndilo fundo la kapi hasa. Fuata polepole, ndoana ikiwa mkono wa kushoto na ncha yake imekuelekea.

1. Chukua ile ncha ndefu ya uzi isiyo na kitanzi. Ipitishe kwenye tundu la ndoana ikitokea mgongoni, yaani upande usio na ncha.
2. Vuta mpaka kitanzi kibaki kinaning'inia chini kidogo ya mkunjo wa ndoana. Acha nafasi ya chambo na nusu sentimita zaidi. Kipande hiki ndicho unywele.
3. Laza unywele juu ya shina la ndoana, ubane kwa kidole gumba.
4. Zungusha ile ncha ndefu kuzunguka shina na unywele pamoja, kuanzia kwenye tundu ukishuka kuelekea kwenye mkunjo. Mizunguko 7 au 8, ikae bega kwa bega, isipandane.
5. Rudisha ncha ndefu juu, ipitishe tena kwenye tundu ikitokea mgongoni.
6. Lowesha. Vuta taratibu mpaka mizunguko yote ijibane.

Hatua ya 5 ndiyo inayokosewa na watu wengi. Ukiupitisha uzi kutoka upande wa ncha, ndoana haitageuka vizuri mdomoni. Ukishamaliza, shika uzi na uburute ndoana juu ya kiganja chako polepole. Ikiwa umefunga sawasawa, utaona ncha inajigeuza yenyewe kutafuta ngozi.

Fundo la tatu: kufunga suiveli

Fundo hili ni rahisi hata kwa mtoto wa darasa la nne, na ni imara sana.

1. Kunja uzi uwe mara mbili, pitisha mkunjo kwenye tundu la suiveli.
2. Funga fundo la kawaida kwa uzi huo uliokunjwa, kama unavyoanza kufunga kamba ya kiatu. Usilikaze.
3. Pitisha suiveli yote ndani ya mkunjo.
4. Lowesha, kisha vuta ncha zote mbili pamoja.
5. Kata mabaki, lakini acha milimita 3.

Tumia fundo hili kufunga suiveli ya kwanza kwenye mwisho wa pili wa ule uzi wa ndoana. Kutoka ndoana hadi suiveli pabaki sentimita 15 hadi 20.

Kuunganisha mtego

Hapa ndipo nilipomuua samaki wa yule mama, kwa hiyo soma mara mbili.

Funga nati kwa uzi wa pamba kwenye tundu moja la suiveli ya pili. Usipitishe nailoni ndani ya nati, kingo zake zinakwaruza uzi. Sasa pitisha uzi wako mkubwa kwenye lile tundu jingine la suiveli hiyo. Usifunge fundo hapo, upite tu ukiteleza. Halafu vika ushanga. Mwisho, funga uzi mkubwa kwenye suiveli ya kwanza, ile yenye ndoana, kwa fundo la tatu. Ushanga unazuia suiveli ya nati isigonge fundo.

Angalia faida yake. Nati ikikwama kwenye jiwe, uzi wa pamba unakatika kwanza na samaki wako anakuja. Na uzi mkubwa ukikatika huku juu, samaki akiogelea uzi unateleza na kutoka kwenye nati. Habebi mzigo. Anabaki na ndoana ndogo isiyo na kijino, ambayo ana nafasi nzuri ya kuitoa.

Kuweka chambo, pitisha uzi wa kushonea kwenye kitanzi cha unywele, ncha zake zote mbili uzitie kwenye sindano, choma punje mbili za mahindi, kisha vuta. Kitanzi kitapenya mahindi na kutokea upande wa pili. Weka kipande cha kijiti cha ufagio ndani ya kitanzi ili punje zisichomoke, halafu ondoa uzi wa kushonea.

Jaribio la mtungi

Usipeleke fundo bwawani kabla ya kulijaribu nyumbani. Mtungi wa lita 5 ukijaa maji una uzito wa kilo 5 na kidogo. Ning'iniza ndoana kwenye mshikio wa mtungi. Zungushia uzi kwenye fimbo, usiuzungushe mkononi maana utakukata. Geuza uso pembeni, watoto wasogee mbali, kisha inua polepole na uhesabu mpaka kumi.

Uzi wa kilo 7 uliofungwa vizuri utainua mtungi huo. Ukikatika, usiseme "bahati mbaya". Chukua ile ncha iliyokatika uisome:

- Imejisokota kama mkia wa nguruwe: fundo limeteleza. Mizunguko ni michache, au ulikata mabaki mafupi mno.
- Imekatika palepale kwenye fundo: ulikaza likiwa kavu. Nailoni ikisuguana inapata joto na kudhoofika, ndiyo maana tunalowesha.
- Ina manyoya na imepauka: uzi umekwaruzwa na mawe au umechoka kwa jua. Kata mita mbili utupe, au badilisha uzi wote. Uzihifadhi nyuzi kabatini, si juu ya bati.

Baada ya kila samaki mkubwa, pitisha vidole kwenye sentimita 50 za mwisho. Ukisikia mkwaruzo, funga upya. Kufunga upya ni dakika tano.

Ukiwa bwawani

Usivue alfajiri. Hewa ya oksijeni kwenye maji ya bwawa huwa chini kabisa kabla jua halijachomoza, na samaki aliyepigana saa hiyo anaweza kufa hata ukimrudisha. Subiri saa tatu au saa nne asubuhi. Tafuta mahali panapotoa mapovu madogo madogo, hapo kapi anafukua tope. Tupa punje chache za mahindi, kisha mtego wako.

Uzi ukivutwa, usipige kwa nguvu. Inua fimbo kwa upole, ncha itajishika. Mwache avute, umchoshe, umpokee kwa wavu mdogo. Lowesha mikono na umlaze kwenye gunia lililoloweshwa. Ukiona ni jike lenye mayai na unamhitaji kwa uzazi, mtoe ndoana akiwa bado ndani ya wavu majini, umwachie.

Maswali ninayoulizwa sana

*Naweza kutumia mtego huu ziwani?* Unafaa. Ziwa Naivasha, kwa mfano, kapi walianza kuonekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, na baadaye wakaja kuongoza kwa wingi kwenye samaki wanaovuliwa. Lakini maji ya umma yana leseni na masharti, pitia ofisi ya uvuvi ya kaunti kwanza. Na Naivasha kuna viboko, usisimame ukingoni kama uko kwenye bwawa lako.

*Vipande vya uzi nivitupe wapi?* Visiachwe ukingoni kamwe. Nailoni haiozi upesi, itamfunga bata, ndege, au mguu wa mtoto. Tia kwenye kopo lenye kifuniko.

Kazi ya nyumbani basi: funga fundo la pili mara kumi jioni hii, kisha lete mtungi. Yule mama wa bwawa alinikaribisha tena mwezi uliofuata. Kabla sijatupa uzi, alishika fundo langu, akalivuta mwenyewe mara mbili, ndipo akasema, "Sasa endelea, mwalimu." Tangu hapo situpi uzi wangu kwenye bwawa la mtu kabla mwenyewe hajalivuta fundo.

Tukutane wiki ijayo, tutazungumzia chakula cha vifaranga.