Dondoo muhimu: Kabla mgonjwa hajalazwa kwenye meza ya upasuaji

Mgonjwa aliyepewa nusukaputi hawezi kukwambia kwamba mkono unakufa ganzi. Maswali yaulizwe mapema, angali macho.

Muulize, umtazame. Ana kisukari? Anavuta sigara? Amekonda hadi mifupa imejitokeza, au ni mnene sana? Kama ana ganzi ya vidole tangu zamani, iandike kwenye faili. Kisha mwombe anyanyue mikono na kukunja nyonga na magoti kama atakavyolazwa. Mkao unaomuuma akiwa macho usimlaze nao akiwa usingizini.

Angalia muda. Upasuaji unaozidi saa 3 huongeza hatari ya vidonda vya mgandamizo visiginoni, kisogoni na chini ya mgongo.

Linda mishipa ya fahamu. Mkono ulionyooshwa pembeni usizidi nyuzi 90 kutoka mwilini, kiganja kitazame juu, kiwiko kiwekewe pedi. Miguu ikipandishwa kwenye vishikio, watu 2 waiinue kwa pamoja. Hapa kuwa makini mno: upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, mshipa wa fahamu hupita juu ya mfupa, karibu kabisa na ngozi. Ukibanwa na chuma, mgonjwa anaweza kuamka akiburuta wayo.

Baada ya upasuaji, mkague. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi, kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Papasa. Ukikuta joto, ugumu au uvimbe pale palipogandamizwa, mwarifu daktari papo hapo.