Fizibo inakinga waya. Na wewe, unakingwa na nini?



Katika toleo hili tunaacha mpunga na muhogo kidogo, tuongee umeme. Koperativi za bonde la Ruzizi na za kando ya ziwa, toka Kavimvira mpaka Makobola, zinazidi kununua vitu vya umeme: mashini ya kukoboa mpunga, kongelateri ya samaki, pampu, ao taa tu za depo na chaji ya simu. Na nyumbani kuna resho, pasi, televizyo. Tablo iko ukutani, fizibo ziko ndani, na watu wanalala usingizi wakisema: "Tuko na fizibo, hakuna shida."

Shida iko. Fizibo haikuwekwa kwa ajili ya mtu. Iliwekwa kwa ajili ya waya, na ukielewa neno hili moja, mambo mengine yote ya umeme wa nyumbani yatakuwa wazi.

Kazi ya fizibo na ya disjonkteri

Umeme tunaoutumia Uvira unatoka kwenye mto wetu wenyewe. Baraji ya Ruzizi I ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950, ya wakati wa Wabelgiji. Ruzizi II ilianza kazi 1989, nayo ni ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. SNEL inaufikisha nyumbani ukiwa na nguvu ya volti 220, kwa nyaya mbili: fazi, ambayo ndiyo yenye hatari, na netri, ambayo umeme unarudia. Netri imeunganishwa na udongo kule kwenye kabine ya transfo. Shika jambo hilo la udongo, tutalirudilia.

Umeme ukipita ndani ya waya unaupasha moto. Ukiuongeza mara mbili, joto halizidi mara mbili, linazidi mara nne. Kwa hiyo waya uliokuwa vuguvugu unaweza kuyeyusha plastiki yake kwa sababu mtu ameongeza resho moja tu. Fizibo ni kipande chembamba cha madini kilichowekwa njiani kwa makusudi ili kiyeyuke cha kwanza, kabla waya ulio ndani ya ukuta ao juu ya dari haujaungua. Ng'ambo ya ziwa, Kigoma, wanaiita fyuzi. Disjonkteri inafanya kazi ile ile, lakini yenyewe haifi. Ndani yake kuna kibati kinachopinda kikipashwa moto na mzigo uliozidi, na kuna sumaku inayovuta mara moja nyaya mbili zikigusana. Inaruka, unatafuta sababu, halafu unairudisha. Wengi wanairudisha bila kutafuta sababu, ndiyo maana inaruka tena.

Hesabu yake haihitaji shule kubwa. Chukua wati zilizoandikwa kwenye chombo, gawanya kwa 220, unapata ampea. Tuseme nyumba moja ya Mulongwe, saa kumi na mbili ya jioni: mama amewasha resho ya wati 2000, binti anapiga pasi ya wati 1200, na mtu amechomeka birika la wati 1500. Vyote kwenye ralonji moja. Hiyo ni wati 4700, ni kusema ampea 21 na zaidi. Prizi ya kawaida inabeba 16 tu. Na ile ralonji nyembamba ya sokoni, hasa ikiwa imeviringishwa chini ya kitanda, haifikishi hata hapo.

Kila waya una kipimo cha fizibo yake. Waya wa milimita 1.5, ule wa taa, unapewa ampea 10. Waya wa 2.5, wa prizi, ampea 16. Waya wa 6, kwa resho kubwa yenye laini yake peke yake, ampea 32. Usipande juu ya hapo kwa sababu duka halina ile namba unayotafuta. Kuteremka ni sawa, kupanda hapana.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wetu. Fizibo imekatika usiku, duka limefungwa, fundi wa mtaa anakata kipande cha waya wa shaba anakifunga pale, anasema: "Hii haitaruka tena, mama." Amesema kweli. Kipande cha waya wa shaba wa milimita 1.5 hakiyeyuki mpaka umeme upite ampea 100. Kabla ya kufika hapo, waya wenyewe wa ukutani, ambao ni mwembamba sawasawa, utakuwa umeshawaka dari nzima. Msumari na karatasi ya pakiti ya sigara ni ndugu zake. Nyumba yenye fizibo ya namna hiyo haina fizibo.

Mwili wa mtu ni mzigo mdogo sana

Mpaka hapa tumekinga waya na nyumba. Mtu bado.

Umeme unaopita mwilini unapimwa kwa miliampea, ambayo ni ampea moja iliyogawanywa mara elfu. Kwenye miliampea 10 hivi misuli ya mkono inakaza. Umeshika waya na huwezi kuuachia, hata ukitaka. Ukipita 30 ukienda kifuani, na ukikawia, pumzi inaweza kukwama na moyo unaweza kupoteza mapigo yake.

Linganisha na disjonkteri ya ampea 16. Hiyo ni miliampea 16,000. Mtu mwenye mikono yenye maji, miguu chini bila viatu, akigusa fazi ya volti 220, anaweza kupitisha miliampea 220 hivi. Inatosha kabisa kumuua. Lakini kwa disjonkteri ni kama umewasha ampuli moja ya wati 50. Haioni kitu cha ajabu. Itabaki imesimama pale juu, na mtu anakufa chini yake. Ndiyo sababu hatukubali mtu akisema "ningepigwa, disjonkteri ingeruka." Haiwezi kuruka. Si mbovu, hiyo si kazi yake.

Kongelateri ya ndagala

Tuchukue mfano ambao mama wa samaki wataujua. Kongelateri imewekwa kwenye sakafu ya simenti inayolowa kila siku, kwa maji ya barafu na ya kuosha ndagala. Siku moja waya wa ndani unachubuka na kugusa bati la kongelateri. Mashini inaendelea kugandisha vizuri, hakuna anayejua. Lakini bati lote sasa ni fazi. Mama anakuja na mikono iliyolowa, anashika mkono wa mlango, na umeme unapita kwake kwenda kwenye udongo, ukitafuta ile netri ya kabine.

Dawa ya kwanza ni waya wa tatu, wa kijani na manjano: teri. Unaunganisha mabati yote ya vyombo na chuma kilichopigwa ardhini nje ya nyumba, fito ya chuma yenye shaba juu, ya mita moja na nusu ao mbili, mahali penye ubichi. Kwenye mchanga mkavu teri haishiki vizuri. Mafundi wengi wanauacha waya huo kwa kuwa "umeme unafika hata bila huo", na prizi inawekwa yenye kijiti cha teri ambacho nyuma yake hakuna kitu. Fungua moja uone.

Lakini teri peke yake pia haitoshi, na hapa hata mafundi wazuri wanakosea. Udongo si waya, unapinga umeme. Tuseme fito yako ina upinzani wa omu 50, jambo la kawaida. Gawanya 220 kwa 50: ampea 4 na nusu hivi zitakimbilia ardhini. Disjonkteri yako inangoja zaidi ya 16. Haitaruka! Bati litabaki na umeme mchana kutwa, na kontere itahesabu.

Kwa hiyo inatakiwa dawa ya pili: diferensieli. Kwa sura inafanana na disjonkteri pana, lakini akili yake ni nyingine. Haiulizi umeme ni mwingi kiasi gani. Inafanya kama karani wa depo anayehesabu magunia yanayotoka na yanayorudi: umeme uliokwenda kwa fazi lazima urudi wote kwa netri. Ukipungua, kuna mahali unapovuja, ao kwenye bati, ao kwenye mwili wa mtu. Ile ya miliampea 30 inakata ndani ya muda usiofika theluthi moja ya sekunde. Mtu atashtuka, pengine ataanguka, lakini moyo una nafasi kubwa ya kubaki na mapigo yake.

Vitu hivi viwili vinasaidiana. Kukiwa na teri, diferensieli inaruka siku ile ile waya unapochubuka, kabla mtu hajagusa. Bila teri inangoja mtu wa kwanza kugusa ndipo iruke. Bora teri igundue kuliko mama.

Ukienda kununua, soma. Tafuta maandishi 30 mA ao 0,03 A. Kuna zingine za 300 ao 500, zinazowekwa karibu na kontere. Hizo ni za kuzuia moto wa nyumba, hazimkingi mtu. Angalia pia ampea zake, 25 ao 40, zisiwe chini ya mzigo wa nyumba. Bei yake inaumiza kidogo kuliko ya disjonkteri ya kawaida, lakini moja inatosha tablo nzima ya depo, na disjonkteri zinabaki mahali pake nyuma yake, kwa sababu diferensieli nyingi hazijui kukata mzigo uliozidi. Kwa mashini ya kukoboa yenye fazi tatu, omba ya nyaya nne, na usisahau rele ya kukinga mota: fazi moja ikipotea, mota inavuma, inapata moto na kuungua, hata kama fizibo mbili zingine ni nzima.

Kuna kitu kimoja ambacho hata diferensieli haioni. Ukishika fazi kwa mkono huu na netri kwa mkono mwingine, wewe kwake ni kama ampuli: umeme unakwenda na unarudi sawasawa. Kwa hiyo kuzima tablo kabla ya kugusa waya hakuna kitu kinachochukua nafasi yake.

Maji, ziwa na mvua

Hatusahau usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika, wala miaka ambayo Tanganyika ilipanda na kuingia nyumba za kando. Maji yakianza kuingia na tablo iko mahali pakavu unapoweza kufika kwa mguu mkavu, zima yote. Kama maji yameshafika, usiingie chumbani kuokoa kitu. Prizi iliyozama inafanya maji yenyewe kuwa na hatari. Maji yakiondoka, prizi na disjonkteri zilizolowa matope hazikaushwi juani na kurudishwa. Zinabadilishwa. Kwa wanaojenga upya karibu na ziwa: pandisheni prizi zaidi ya mita moja na tablo juu ya kichwa cha mtoto. Ni waya kidogo tu wa ziada.

Na waya wa nje ukikatika na kulala chini, usidhani umekufa. Tarehe 2 Februari 2022, kwenye soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, waya wa umeme mkubwa ulianguka asubuhi ya mvua, maji yakiwa bado yametanda sokoni. Watu 26 walikufa, wengi wao mama wauzaji. Kinga yoyote ya nyumbani haifiki hapo. Kaa mbali, mita kumi na zaidi, zuia watoto, mjulishe mtu wa SNEL. Ukijikuta karibu nao, ondoka kwa hatua ndogo ndogo bila kunyanyua miguu sana, kwa kuwa ardhi yenyewe ina umeme, na hatua ndefu inaupitisha mguu kwa mguu.

Neno kwa wenye jenereta

Delestaji ikija, wengine wanachomeka jenereta kwenye prizi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme huo unatoka nyuma kupitia kontere, unaingia kwenye laini, na transfo inaupandisha kuwa maelfu ya volti juu ya nguzo ambako mfanyakazi anatengeneza akiamini hakuna kitu. Weka inverseri, swichi inayochagua moja: SNEL ao jenereta, kamwe si zote mbili.

Na diferensieli yenu ikishawekwa, ina kidude kilichoandikwa T. Umeme ukiwa umefika, kibonyezeni mara moja kwa mwezi, kwa mfano siku ya mkutano wa koperativi. Tablo nzima inapaswa kuzima hapo hapo. Isipozima, mwiteni fundi, na kongelateri ichomolewe mpaka nyingine ipatikane.